Mwanzo, Mwisho, Gawa kwa Mbili

Ukitaka kujua kama mtu amesoma Fizikia kwetu Ifakara, usihangaike na cheti chake. Mwambie tu, "Nguvu ya mwanzo," halafu nyamaza. Kama alipita mikononi mwa Mwalimu atamalizia mwenyewe, hata awe na tonge mdomoni: "...jumlisha na nguvu ya mwisho, gawa kwa mbili, zidisha kwa umbali." Nimewahi kuambiwa hivyo na muuguzi aliyekuwa ananichoma sindano. Nimeambiwa na dereva wa bajaji, tena kageuka nyuma kabisa kunitazama huku ng'ombe wanavuka barabara mbele yetu. Hiyo ndiyo kanuni ya Mwalimu ya kutafuta kazi inayofanywa na nguvu inayobadilika, na tumeihifadhi kuliko namba za simu za ndugu zetu.

Yeye mwenyewe nitamwita Mwalimu tu, maana hata mkewe anamwita hivyo. Alistaafu zamani kidogo. Na nitasema mapema kinachonichoma: kanuni ile ina kasoro, kasoro yenyewe niliigundua kwa aibu yangu, na ilibidi mtu aende akamwambie. Mtu huyo nikawa mimi, mimi ambaye bila Mwalimu nisingefika popote. Kwa hiyo kabla sijasema nilivyokwenda, ngoja umjue, uone kwa nini miguu ilikuwa mizito.

Kwanza, ana tabia ya kuvuta vitu. Sokoni wauza kamba wote wanamjua. Akishika kamba ya katani anakanyaga ncha moja, anaizungusha nyingine mkononi, anavuta taratibu amefumba macho, anaachia, anavuta tena. Kisha anahamia ya nailoni. Siku moja muuzaji uvumilivu ulimwishia.

"Mzee, unanunua au unapima?"

"Napima ili ninunue."

"Basi nunua."

"Bado sijamaliza kupima."

Aliondoka bila kamba, na wiki iliyofuata alirudi pale pale akaanza upya. Mkewe anasema hata siku ya harusi yao alivuta shela kuona kama ni imara. Sijui kama ni kweli, yule mama anapenda kumsingizia.

Anapenda usahihi mpaka anakera. Ukimwambia utafika saa nne, saa nne kasoro dakika tano amesimama mlangoni anatazama saa. Ila saa yake yenyewe imetangulia dakika kumi, naye anajua, na hairekebishi. Nilimwuliza kwa nini. "Najua imetangulia kiasi gani," alisema. "Saa ya kuogopa ni ile usiyoijua." Nikaona ana hoja, ingawa hiyo saa imewahi kumpeleka msibani watu hawajaanza hata kupanga viti.

Darasani hakumwita mtu kwa jina. Alituita kwa tulikotoka: Mlimba, simama, Mang'ula, acha kusinzia. Mimi nilikuwa Idete, na walipoongezeka wasichana wawili kutoka kijijini kwetu akatupa Idete wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu, kwa mpangilio wa alama za mtihani. Mwezi ukiisha tulibadilishana majina. Hasira tuliyokuwa nayo kwa jambo lile, wacha wee! Lakini tulisoma. Na hakuwa mtu wa kusifia. Ukipata swali gumu alitazama daftari, akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Haya." Niliwahi kupata "haya" mbili katika kipindi kimoja, nikashindwa kula mchana kwa furaha.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na mtihani ulikuwa wa Kiingereza, ila yeye akishaona macho yetu yamekuwa makavu alifunga kitabu na kuhamia Kiswahili, na hapo mambo yaliingia. Vifaa ndivyo vilivyokuwa shida. Shule ilikuwa na mizani nne za kuning'iniza, zile za ndoano, na yeye alizipenda kuliko samani za nyumba yake. Mwaka ambao maji ya mto Lumemo yaliingia mitaani, watu walibeba magodoro, redio, kuku. Yeye alipita maji yakiwa kiunoni, mizani nne zimefungwa kwenye kanga kichwani. Kanga ilikuwa ya mkewe, na godoro lililoachwa nyuma likalowa lilikuwa la wote wawili. Mama yule hajasahau mpaka leo. Ukimtembelea utahadithiwa kabla hujaketi.

Sasa, mizani zilikuwepo ila springi hazikuwepo. Kwenye somo la kazi na nguvu, kitabu kilitaka uvute springi, usome nguvu kwenye mizani, upime imerefuka kiasi gani, uchore grafu. Mwalimu akaenda kwa mafundi baiskeli, akaomba tyubu zilizochakaa, akazikata vipande vyembamba kama mishipi. Tukavuta mpira badala ya springi. Kwa kweli tulifurahi, maana mpira ukikuponyoka unampiga mwenzako.

Shida ni kwamba springi ikivutwa inakupa mstari ulionyooka. Mpira wa tyubu haukupi. Alama zangu kwenye grafu zilipinda. Nilikuwa kidato cha tatu, nikapima mara tatu, zikapinda mara tatu. Mwalimu alikuja, akainama, akasema, "Idete, macho yako yana haraka." Akafuta alama zangu mbili kwa kifutio chake mwenyewe, akaweka rula, akapitisha mstari mnyoofu katikati ya zilizobaki. "Sasa: nguvu ya mwanzo, nguvu ya mwisho, gawa kwa mbili." Nikajumlisha, nikagawa. Nilipata vema. Sikumlaumu hata chembe, nilijilaumu mimi na macho yangu.

Labda ningeendelea kujilaumu kwa mambo mengi zaidi, na kuolewa mapema juu yake, kama si Jumamosi moja. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, nimefaulu, na mama yangu alikuwa ameshaamua nibaki nyumbani. Baba hakuwepo tena, shamba la mpunga lilikuwa kubwa, mikono ilikuwa ya watu wawili. Mwalimu alikuja Idete kwa baiskeli, suruali imejaa tope mpaka magotini, hata maji hakunywa.

"Mama, huyu aende kidato cha tano."

"Mwalimu, nani atapalilia?"

"Mimi."

Mama alicheka. Mwalimu hakucheka. Jumamosi iliyofuata saa kumi na mbili asubuhi alikuwa shambani kwetu, kakunja shati, anang'oa. Jamani, yule mzee alijua nguvu, alijua umbali, lakini mpunga mchanga na magugu vyote kwake vilikuwa majani. Aling'oa mpunga mstari mzima safi kabisa na kuacha magugu yamesimama kwa raha zao. Mama alipofika alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akakaa chini kwenye tuta akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mwalimu amesimama na mche wa mpunga mkononi hajui kosa lake liko wapi.

"Mchukue mtoto," mama alisema. "Ila shambani kwangu usirudi."

Ndivyo nilivyokwenda kidato cha tano, na cha sita, na chuo, mpaka nikaangukia fani ambayo hata kuieleza kwa shangazi zangu ni kazi. Nasoma fizikia ya vitu vilivyo hai, vile vidogo kabisa. Nachukua molekuli moja ya DNA, kamba ile ya urithi iliyomo ndani ya kila mmoja wetu, naifunga punje ndogo ya plastiki kila upande, punje zinashikwa na mwanga wa leza, halafu navuta taratibu. Mashine inaniambia nguvu ni kiasi gani kila hatua. Mwanzoni kamba inakuja bila ubishi, maana ilikuwa imejikunja tu. Ikikaribia kunyooka yote inakaza ghafla. Nguvu haibaki ile ile hata kidogo, na swali langu la shahada ya pili lilikuwa: kazi kiasi gani imefanyika mpaka kuinyoosha?

Kompyuta ingenipa jibu sahihi kwa kubofya mara mbili. Lakini kwa kiburi changu nikataka kuandika programu yangu mwenyewe, na vidole vikaandika vilichofundishwa: chukua nguvu ya mwanzo, chukua ya mwisho, gawa kwa mbili. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, alirudisha sura ile ya tasnifu na maneno machache pembeni: "Jibu hili limezidi karibu mara kumi. Umelitoa wapi?"

Nimelitoa wapi! Nilikaa mbele ya grafu ile nusu saa. Mstari umelala chini karibu njia yote, unainuka mwishoni tu. Mimi nimeuhesabu kana kwamba ulipanda sawasawa tangu mwanzo. Mtoto mdogo angeona. Mficha uchi hazai, nikamweleza msimamizi kila kitu, nikasahihisha, tukacheka kidogo, kazi ikaendelea.

Ningeweza kuishia hapo. Mwalimu angebaki na amani yake, mimi na shahada yangu. Ila likizo ile nililala kwa dada yangu, na binti yake alikuwa anafanya kazi za shule mezani. Nikachungulia. Kipande cha tyubu, mizani ya ndoano, alama zimepinda vizuri kabisa, na juu yake mstari wa rula. Pembeni kalamu nyekundu imeandika vema. Mwalimu wake wa sasa alifundishwa na Mwalimu, darasa moja nyuma yangu. Nikamwuliza yule binti mbona alama zake zimepinda na mstari haukupinda.

"Macho yangu yana haraka, mama mdogo," alinijibu.

Usingizi uliniisha. Asubuhi nikajiambia: au umwambie, au unyamaze na hawa watoto waendelee kujilaumu. Hapakuwa na njia ya tatu.

Nilimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba yake, pana sakafu ya saruji ya kuanikia. Ulikuwa msimu wa mavuno, mpunga umetandazwa juani na mkewe anaugeuza kwa mguu. Nikatoa shikamoo mbili, nikapata marahaba mbili, nikahadithiwa godoro. Kisha mama akaenda jikoni, nikabaki na Mwalimu, nahesabu punje za mpunga kwa kidole.

"Idete, umekuja na neno," alisema. "Mkubwa jalala. Mwaga."

"Mwalimu, ile kanuni yetu. Ya mwanzo na mwisho. Mstari ukipinda, haifai."

"Nani kasema?"

"Molekuli."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamweleza kamba ilivyovutwa, jibu lilivyozidi, kwa sauti inayozidi kudidimia. Aliingia ndani akatoka na chaki. "Chora," alisema. "Mimi namba za kompyuta siziamini. Chora hapa chini, kubwa."

Tukasukuma mpunga pembeni. Nikachora mstari wa umbali, hatua nne zangu, na mstari wa nguvu hatua mbili, kisha mchirizi wa ile molekuli, umelala, umelala, unapanda mwishoni. Yeye akachukua kamba ya nguo, akainyoosha kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa mujibu wa kanuni yake. Eneo lililo chini ya mstari ndiyo kazi yenyewe, na tukapata maeneo mawili: la kwangu chini ya mchirizi, la kwake chini ya kamba. Akaanza kujaza langu mpunga, unene wa kidole kimoja, anasawazisha kwa ubao. Mkewe akatokea na mwiko mkononi.

"Mwalimu, mpunga wangu nao unafundishwa Fizikia?"

"Dakika kumi tu, mama."

"Kwa saa ipi? Yako?"

Alikusanya ule mpunga akaupima kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne. Sado moja na nusu. Kisha akajaza eneo lake, kidole kile kile, ubao ule ule. Nilitaka kumsaidia akanizuia. Alihesabu mwenyewe kwa sauti: tisa, kumi, kumi na moja. Kufika kumi na nne sauti ilikuwa imeshuka, na bado kidogo kilibaki sakafuni. Aliweka sado chini akakaa kwenye ukingo wa sakafu, mikono juu ya magoti.

"Miaka yote," alisema.

"Si kosa kubwa, Mwalimu. Kwa springi ni sahihi kabisa."

"Springi hatukuwa nazo." Akanigeukia. "Wewe uliona. Kidato cha tatu. Alama zako zilipinda, mimi nikazifuta."

Nilidhani kasahau! Nimebeba jambo lile miaka yote nikiamini ni langu peke yangu. Machozi yakaanza, sioni aibu kusema. Mkewe alitutazama mmoja mmoja, akaelewa kuliko nilivyotegemea. "Kosa moja haliachi mke, Mwalimu," alisema. "Ila mpunga wangu urudi juani."

Tukaurudisha. Katikati ya kuutandaza Mwalimu akasimama ghafla, akachukua chaki, akaanza kuukatakata mchirizi wangu kwa mistari ya wima, shibiri moja moja. Akapiga magoti kwenye kipande kimoja.

"Hapa kati ya mistari hii miwili, umepinda?"

"Kidogo sana."

"Basi hapa mwanzo na mwisho wake, gawa kwa mbili, ni halali."

"Halali kabisa. Halafu unajumlisha vipande vyote. Ukikata vyembamba zaidi, unakaribia ukweli zaidi."

"Kwa hiyo kanuni haikuwa ya uongo." Uso ulikuwa umeanza kurudi. "Nilikata kipande kimoja kikubwa mno. Uvivu wa kukata!" Akacheka, nami nikacheka, kicheko cha watu waliotoka kuugua. Nilijua ndivyo kompyuta inavyofanya, ila sikumwambia. Alikuwa amelipata mwenyewe, akiwa kwenye magoti yake, na lilikuwa lake.

Nilidhani tumemaliza. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anatafuta simu. Akampigia yule mwalimu kijana wa shule, akapokea shikamoo yake, akauliza kesho kidato cha tatu wana Fizikia saa ngapi. "Nipe kipindi kimoja," alisema. "Hapana, si kuwatia moyo. Nakuja kuwaambia nilikosea. Na wewe ukae usikilize, maana nilikukosesha na wewe."

Nikamwambia haina haja, mwalimu kijana angeweza kuwasahihisha taratibu. Akanijibu kwa ukali wake wa zamani kwamba aliyefundisha ndiye anayesahihisha.

Asubuhi yake alisimama mbele ya watoto sitini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Alichora mchirizi uliopinda, akaukata vipande, akaeleza pole pole. Kisha akaweka chaki mezani. "Waliopita hapa kabla yenu niliwafundisha nusu," alisema. "Mmoja wao ni huyu. Aliona sahihi nikamwambia ana haraka." Akanigeukia, mzee yule, mbele ya watoto wote. "Idete, nisamehe."

Kwetu mkubwa hamwombi mdogo msamaha, na akiomba, huomba kwa mzunguko, kwa zawadi ya kuku au kwa mzaha. Yeye alinyoosha tu. Nilisema nimesamehe, na nilikuwa namaanisha na mambo mengine mengi ambayo sikujua jinsi ya kuyasema pale. Kwamba nampenda, kwa mfano.

"Haya," alisema. Akanipa chaki. "Malizia kipindi. Waeleze hiyo molekuli yako."

Akapita katikati ya madawati mpaka nyuma kabisa, akambana msichana mmoja asogee, akakaa. Akatoa kalamu na daftari, akaandika tarehe juu ya ukurasa, akaipigia mstari. Nikaanza na kamba inayovutwa, na nilipoona wamenielewa nikauliza swali la kwanza. Mikono mitatu ikainuka, na mrefu kuliko yote ulikuwa wa Mwalimu, anautikisa kwa pupa.

Nikamwambia aushushe, awape wenzake nafasi. Akaushusha, ananung'unika.